Tukinunua Iron Dome kumi, nani atatugusa?

"Nafundisha Jiografia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza. Tangu vita vya Israel na Iran vya Juni 2025 wanafunzi wangu hawaachi kubishana. Kundi moja linasema nchi ndogo kama Israel ina nguvu kwa sababu ya Iron Dome, mtambo wake wa kutungulia roketi angani, kwa hiyo Tanzania ikinunua mitambo kumi hakuna wa kutugusa. Kundi la pili linasema ni kutupa fedha. Nimeshindwa kuamua, maana nasikia inazuia asilimia 99, halafu naona picha za majengo ya Tel Aviv yaliyobomoka. Tena nina mdogo wangu anafanya kazi Doha, Qatar. Usiku ule makombora yalipopita alipanda juu ya paa kupiga video. Nimwambie nini?"

Mwalimu, naomba nianze na mdogo wako, kwa sababu ubishi wa darasani unaweza kusubiri hata wiki nzima, lakini suala la paa haliwezi.

Wengi wanadhani kombora likitunguliwa angani ndiyo mwisho wake. Sivyo. Tarehe 23 Juni 2025 Iran ilipoishambulia kambi ya Marekani ya Al Udeid, nje ya Doha, makombora ya kutungulia yalirushwa kukutana na yale yaliyokuwa yanakuja. Yanapogongana hubaki vipande vya chuma, mabaki ya injini, na wakati mwingine kichwa kizima cha baruti ambacho hakijalipuka. Vyote hivyo lazima vishuke chini, na huweza kuanguka kilometa nyingi kutoka pale mwanga ulipoonekana. Aprili 2024 Iran ilirusha droni na makombora zaidi ya 300 kuelekea Israel na karibu yote yakazuiwa. Aliyeumia vibaya usiku ule alikuwa mtoto wa kike wa miaka 7, wa jamii ya Wabedui karibu na mji wa Arad, aliyepigwa na kipande kilichodondokea nyumbani kwao.

Kwa hiyo mwambie hivi. King'ora kikilia au mlipuko ukisikika, aingie ndani, kwenye chumba kisicho na dirisha: bafu, korido, au ngazi za katikati ya jengo. Asitumie lifti, na asikae ghorofa ya juu kabisa kama anaweza kushuka. Zile kuta za vioo za majengo ya Doha ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu mlipuko wa mbali unatosha kuzivunja na kuvirusha vioo ndani. Akiwa nje na hana pa kuingia, alale kifudifudi, mikono juu ya kichwa, mbali na vioo na magari. Asitoke baada ya kishindo cha kwanza. Makombora huja kwa mawimbi, hivyo asubiri tangazo la mamlaka. Akikuta kipande barabarani asikiguse hata kama kimepoa, kwa sababu baadhi ya makombora hutumia mafuta ya kimiminika yenye sumu kali. Apige 999. Na video aache: inaweza kumwonyesha adui kombora lake limeangukia wapi, na ikamfikisha mahakamani.

Kuna jambo la hospitali ambalo watu hulipuuza. Mlipuko husukuma wimbi la hewa linaloumiza viungo vyenye hewa ndani yake, yaani masikio, mapafu na matumbo, bila kuacha jeraha la nje. Akiwa karibu na mlipuko kisha masikio yakaziba, kifua kikabana, akakohoa damu au tumbo likamuuma, aende hospitali siku ileile hata kama hana mchubuko. Dalili za mapafu huweza kuchelewa saa kadhaa. Na kabla ya hayo yote, ajiandikishe kwenye ubalozi wetu Doha na awe na nakala ya pasipoti yake mwenyewe, isiwe imebaki kwa mwajiri tu.

Sasa darasa lako. Makundi yote mawili yanalitumia jina la Iron Dome kwa vitu vinne tofauti, na ubishi mwingi unaanzia hapo. Iron Dome yenyewe, iliyoanza kazi mwaka 2011 karibu na Beersheba, ilitengenezwa kuzuia roketi za masafa mafupi, kilometa 4 hadi 70, kama zile za kutoka Gaza. Makombora ya balistiki kutoka Iran (yale yanayorushwa juu sana kisha kushuka kwa kasi kubwa), yanayosafiri zaidi ya kilometa 1,000 kwa dakika 12 hivi, si kazi yake. Hayo hukabiliwa na Arrow 2, iliyoanza kazi mwaka 2000, na Arrow 3 ya mwaka 2017, ambayo hulikuta kombora nje ya angahewa kabisa. Katikati yupo David's Sling, naye wa mwaka 2017. Juu ya hayo, tangu Oktoba 2024 Marekani iliweka mtambo wake wa THAAD nchini humo, pamoja na meli zake baharini.

Asilimia 99 nayo inahitaji kusomwa taratibu. Ni hesabu iliyotolewa na Israel kwa usiku mmoja wa Aprili 2024. Kati ya vile vitu 300 na ushee, takriban 170 vilikuwa droni zinazokwenda karibu kilometa 180 kwa saa. Zilichukua saa nyingi kufika, zikatunguliwa njiani na ndege za kivita za Israel, Marekani na Uingereza, na Jordan nayo ikatungua zilizopita angani mwake. Miezi sita baadaye, tarehe 1 Oktoba, Iran ilirusha makombora ya balistiki matupu, takriban 180, na baadhi yakaangukia kambi ya ndege ya Nevatim. Juni 2025 yalirushwa zaidi ya 500 kwa siku 12. Mengi yalizuiwa, lakini watu wasiopungua 28 waliuawa Israel, na majengo uliyoyaona pichani yalibomoka kweli. Kwa hiyo hakuna aliyekudanganya kwa picha wala kwa namba. Ni siku tofauti, na silaha zilizorushwa ni tofauti.

Ukumbuke pia kwamba asilimia za Iron Dome huhesabu roketi zile tu ambazo mtambo uliamua kuzishughulikia. Hapo ndipo ulipo werevu wake. Rada huona roketi ikipanda, kompyuta hupiga hesabu ya mahali itakapoangukia, na kama ni shamba tupu au baharini, huiacha ianguke. Kama ni mtaa wa watu, kombora la kutungulia liitwalo Tamir, lenye urefu wa meta 3 na uzito wa kilo 90 hivi, hurushwa. Kila Tamir hukadiriwa kugharimu dola 40,000 hadi 50,000, hivyo kuiacha roketi isiyo na madhara ni akiba kubwa. Mei 2021 zaidi ya roketi 4,300 zilirushwa kutoka Gaza kwa siku 11. Bila uchujaji huo ghala lingekauka.

Mwalimu wa Jiografia atalipenda jambo la upeo wa macho. Rada haioni nyuma ya mbinuko wa dunia. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa meta, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha kitu kinachokuja, zidisha kwa 4.12, utapata umbali kwa kilometa. Antena ikiwa meta 10 juu, na kombora linaloruka chini kama ndege likiwa meta 50, jibu ni kilometa 42. Kombora hilo likienda kilometa 900 kwa saa, tangu rada ilione hadi lifike kuna sekunde 170 hivi, kwa uwanja tambarare. Weka vilima vya mawe kama vya Mwanza na sekunde zinapungua zaidi. Ndani ya muda huo lazima litambuliwe, lihakikishwe si ndege ya abiria, liamuliwe, na kombora la kutungulia liruke. Ndiyo maana wanaoufahamu ulinzi wa anga huulizia kwanza rada na mawasiliano kabla ya kuulizia makombora.

Hesabu ya pili nayo ni ya ubaoni. Tuseme kombora moja la kutungulia lina nafasi ya asilimia 80 kupata shabaha, hiyo ikiwa namba ya mfano tu. Kwa kawaida hurushwa mawili kwa kila kombora linalokuja, kwa hiyo nafasi hupanda hadi asilimia 96. Inaonekana salama. Lakini adui akirusha 20 kwa pamoja, nafasi ya kuyazuia yote 20 ni 0.96 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani asilimia 44. Uwezekano wa angalau moja kupenya ni mkubwa kuliko wa kuzuia yote, na umeshatumia 40. Kama ni yale ya kisasa ya Patriot, mtambo wa Marekani wa kutungulia makombora, yaitwayo PAC-3 MSE, ya takriban dola milioni 4 kila moja, jioni hiyo umetumia dola milioni 160. Droni ya Iran iitwayo Shahed, kwa upande wake, hukadiriwa kuwa dola 20,000 hadi 50,000. Anayeshambulia anaijua hesabu hii vizuri, kwa hiyo hutanguliza vya bei nafuu ili umalize vya ghali.

Sasa mitambo kumi. Bei ya wazi tuliyonayo ni ya Jeshi la Marekani, ambalo mwaka 2019 lilinunua vikosi viwili vya Iron Dome (wanajeshi hukiita kila kimoja betri) kwa dola milioni 373: rada mbili, vituo viwili vya kuongozea, mitambo 12 ya kurushia na makombora 240. Kila mtambo hubeba makombora 20, kwa hiyo 240 ni kuijaza mara moja tu. Kwa bei hiyo betri kumi zinakaribia dola bilioni 1.9, kabla ya makombora ya akiba, vipuri na mafunzo. Na jeshi hilohilo lenye wahandisi wa kila aina lilipata shida kuiunganisha na mtandao wake wa ulinzi.

Kila betri husemwa kulinda takriban kilometa za mraba 150. Israel yote ni kilometa za mraba 22,000 hivi, na Tanzania inaimeza zaidi ya mara 40. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ni kilometa za mraba 1,393. Gawanya, na utaona betri tisa haziutoshi. Zile kumi za wanafunzi wako zingeishia Dar, na Mwanza ingebaki wazi.

Hata hivyo fedha si sehemu ngumu kuliko zote. Sehemu ngumu ni watu. Tarehe 25 Februari 1991 kombora la Scud la Iraq liliua wanajeshi 28 wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na Patriot iliyokuwa zamu haikurusha hata moja. Saa ya kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na sehemu ya kumi kwa tarakimu za 0 na 1 haina mwisho, kama ilivyo theluthi kwenye desimali. Kosa dogo likajilimbikiza. Mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, na saa ikawa imepotoka kwa theluthi moja ya sekunde. Scud hupita zaidi ya nusu kilometa ndani ya muda huo, kwa hiyo rada ilitazama mahali pasipo na kitu. Kuuzima na kuuwasha tena kungetosha. Waisraeli walikuwa wameshaligundua tatizo na kutoa taarifa, lakini watumiaji waliambiwa tu wasiuwashe "muda mrefu sana" bila kutajiwa saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Kosa la upande wa pili linanitisha zaidi, na ningependa kila anayepigia debe mitambo hii alifahamu. Tarehe 8 Januari 2020 wanajeshi wa Iran waliitungua ndege ya abiria ya Ukraine iliyokuwa imetoka tu kuruka Tehran, na watu 176 wakafa. Kwa maelezo ya Iran yenyewe, mtambo ulikuwa umehamishwa, na baada ya kuhamishwa haukupangwa upya kuelekea kaskazini. Ulipotoka kwa zaidi ya nyuzi 100. Ndege iliyokuwa inaondoka ikaonekana kama kitu kinachokuja. Fikiria kikosi kilichochoka, usiku, karibu na uwanja wa Julius Nyerere. Nchi inayonunua makombora kabla ya kuunganisha jeshi lake na waongoza ndege wa kiraia kwa simu ya moja kwa moja na rada za pamoja, inajitengenezea msiba huo.

Je, Israel imepataje nguvu basi? Kinga ina sehemu yake, na kundi la pili la wanafunzi wako linakosea linapoidharau. Imeokoa maisha mengi, na imeipa serikali muda wa kufikiri badala ya kujibu kwa hasira saa ileile. Lakini nyuma yake kuna viwanda vyao wenyewe kama Rafael, vijana wengi kwenda jeshini kwa lazima, na sheria ya miaka ya tisini, baada ya Scud takriban 40 za Iraq mwaka 1991, inayotaka kila nyumba mpya iwe na chumba cha zege. Kuna pia mkataba wa Marekani wa dola bilioni 38 kwa miaka 2019 hadi 2028, na kati yake bilioni 5 ni za kinga ya makombora peke yake. Sisi mkataba kama huo hatuna. Na pamoja na yote hayo, asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 2023 maelfu ya roketi yaliishughulisha Iron Dome huku watu wakivunja uzio kwa matrekta na pikipiki. Takriban watu 1,200 waliuawa siku hiyo. Kinga ilifanya kazi yake, ila shambulio kubwa lilipita ardhini. Vita vilivyofuata vimewaua makumi ya maelfu ya Wapalestina wa Gaza, ambao hawana king'ora wala chumba cha zege, na ugomvi wenyewe bado haujaisha.

Doha ya mdogo wako ni fundisho jingine. Qatar ina Patriot na ndiko iliko kambi kubwa kuliko zote za Marekani Mashariki ya Kati. Juni 2025 ulinzi huo ulifanya kazi. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo Israel, rafiki wa Marekani, ilipiga katikati ya Doha, na askari wa usalama wa Qatar akawa miongoni mwa waliouawa. Mitambo haikuizuia.

Kwa Tanzania, Mwalimu, huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Upo ziwani hapo. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kupiga ghala la mafuta la Mwanza. Mabomu yakakosa, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Sasa tazama Port Sudan kuanzia tarehe 4 Mei 2025: droni zilipiga uwanja wa ndege, maghala ya mafuta na mitambo ya umeme ya mji uliodhaniwa salama kwa sababu uko mbali na mapigano. Miaka 46 imepita na shabaha bado ni mafuta. Mimi sioni jirani mwenye makombora ya balistiki ya kututishia. Droni za bei nafuu naziona, na zinaweza kurushwa hata na kundi lisilo na serikali.

Kwa tishio la namna hiyo, fedha ya kwanza ningeiweka kwenye kuona: rada ndogo za kushika vitu vya chini, na vinasa sauti. Ukraine imetandaza maelfu ya vinasa sauti vya dola mia chache kila kimoja, vinavyosikia injini ya droni na kufuatilia njia yake. Rada nyingi za kiraia hutegemea kifaa ndani ya ndege kijibu, na droni ya adui haijibu. Fedha ya pili ningeiweka kwenye kupunguza maumivu pale tunapopigwa. Mafuta yetu huingilia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Matangi yakitenganishwa kwa kuta za udongo, moto wa moja hauli mengine. Transfoma kubwa za umeme huchukua mwaka au zaidi kutengenezwa na kufika, kwa hiyo kuwa nazo mbili za akiba, zimehifadhiwa mbali na vituo, kunasaidia kuliko makombora mengi. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 mahali pamoja, na ukubwa huo unaomba njia zaidi ya moja za kuzisafirisha.

Baada ya hapo ndipo zije bunduki za milimita 23, ambazo hufaa hadi kilometa 2 na nusu hivi, vifaa vya kuvuruga mawasiliano ya droni, na makombora ya begani, vyote vikiwa karibu na shabaha chache zilizochaguliwa. Betri ya masafa ya kati ningeifikiria mwisho, na ikiwezekana kwa ubia. Estonia na Latvia, nchi ndogo zinazopakana na Urusi, mwaka 2023 ziliagiza kwa pamoja mitambo ya IRIS-T ya Ujerumani ili kupunguza gharama na kufundishana. Kama ubia wa aina hiyo unawezekana ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni swali la siasa, nami naamini linastahili kuulizwa. Majirani wasiotegeana rada kwa hofu huokoa fedha nyingi.

Ukitaka darasa limsikie mtu wa kazi hii ana kwa ana, pitia kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya yako umwombe akuunganishe na JWTZ. Hawatawaambia siri, lakini mambo ya tahadhari na uokoaji wanaweza kuyafundisha vizuri kuliko mimi.

Kabla ya hapo, wape zoezi. Kilometa za mraba 150 ni duara lenye nusu kipenyo cha kilometa 7 hivi. Kila kundi lipewe ramani ya Tanzania na maduara matatu ya karatasi yaliyokatwa kwa kipimo cha ramani, lichague pa kuyaweka, kisha lisimame mbele na kuwataja kwa majina wote walioachwa nje.